Boga la Barazani Lirudi Jikoni

Haya ya vitafunwa vya boga bichi niliyasema Jumamosi kwenye mkutano wa Waswahili wenzangu hapa Columbus, Ohio. Wengi walikuwa wanahangaika na watoto hawakusikia vizuri, wengine wamenipigia simu kuuliza vipimo, kwa hiyo nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Wenzangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Asanteni kwa kunipa hii nafasi, nimepewa dakika ishirini na cha kuongea ninacho, tena kiko hapa mezani mnakiona wenyewe, boga, greta ya kukwaruzia, tende, na hiyo blenda nimeibeba toka nyumbani.

Leo asubuhi nikiwa natoka nilipita mtaani kwetu nikawa nahesabu maboga ya pambo la Halloween, ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, nikafika thelathini na moja nikaacha na hapo sijafika hata kona. Yako barazani, yako kwenye ngazi, mengine yameshachongwa macho na meno. Na mimi nimelelewa Tanga, kwetu boga likiingia ndani ya nyumba kila mtu anajua linaishia wapi, majani tumeshayala na nazi tangu lilipokuwa linatambaa shambani, lenyewe linapikwa futari kwa tui na iliki, mbegu zinaanikwa kwenye ungo juani, watoto mnakaa pale mnabangua mpaka vidole vinauma. Sasa kila mwaka ikifika tarehe mosi Novemba nikiona maboga mazima, hayana hata mkwaruzo, yanatupwa kwenye pipa la taka, roho inaniuma kweli, na inaniuma zaidi kwa sababu mengine yanatoka nyumba zetu sisi wenyewe humu. Yaani tumefika huku tukazoea kulipamba barazani, kulila tukaacha.

Na hili boga jamani ni la huku huku. Mbegu kongwe kabisa za boga lililolimwa na binadamu zimepatikana kwenye pango kule Oaxaca, Mexico, zina kama miaka 10,000. Wenyeji wa asili wa bara hili walikuwa wanapanda mahindi, maharage na boga shamba moja, mahindi yanasimama, maharage yanapanda kwenye bua la muhindi, boga linatandaza majani chini linazuia magugu na kutunza unyevu, na mnaotoka vijijini mnajua bibi zetu walifanya nini shambani, mahindi, kunde, na boga katikati. Ni baada ya Columbus, huyo huyo ambaye mji wetu umebeba jina lake, kuvuka bahari mwaka 1492 ndio mazao ya huku yakaanza kusafiri, mahindi, muhogo, karanga, boga, yakatufikia tukayafanya yetu mpaka methali tukaitungia, ukipenda boga penda na ua lake. Wenzetu wa Kenya mnasema malenge, ni hilo hilo. Kwa hiyo mtu asinunue boga Ohio akaliona ni pambo la Halloween tu, hicho ni chakula, tena ni chakula tulichokua nacho.

Sasa kwa nini bichi, na kwa nini vitafunwa. Ntawaambia la kwangu. Mwaka juzi nilipimwa, ile A1C, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, ikasoma 6.1, daktari akanieleza kuanzia 5.7 mpaka 6.4 hicho ni kipindi cha kabla ya kisukari, bado unaweza kurudi. Na ilikuwa Oktoba, mwezi ambao huku nyumba inajaa pipi kuliko mwezi wowote, watoto wanarudi na mifuko tarehe 31, na sisi wakubwa tunaimalizia ile mifuko usiku tukiangalia tivii. Juu yake kuna zile kahawa za viungo vya boga za Starbucks, zinauzwa tangu 2003 na kila foli, yaani msimu huu wa majani kupukutika, watu wanapanga foleni, kikombe kikubwa kinaweza kuwa na sukari gramu 50. Gramu 50! Chama cha moyo cha Marekani kinasema mtoto wa kuanzia miaka 2 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Nikakaa nikawaza, hivi vile viungo vyenyewe ni vipi? Mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu, na pilipili fulani tamu ya Jamaica. Ukiondoa hiyo ya mwisho, hilo si kabati la bibi yangu? Si hizo hizo zinazotoka Unguja na Pemba? Basi kama harufu ya foli ya Wamarekani ni harufu ya jiko letu, kwa nini mimi nikainunue kwenye kikombe cha karatasi na vijiko kumi na mbili vya sukari?

Ndio nikaanza. Na nilianza bila kupika kwa sababu ya kawaida tu, mimi natoka shifti saa tano usiku, nguvu ya kusimama jikoni sina, na nilitaka kitu mwanangu wa miaka saba akifanye kwa mikono yake bila kugusa jiko.

Tuanze na boga lenyewe, maana hapa ndipo watu wanakosea halafu wanasema boga bichi halina ladha. Haya makubwa ya kuchonga, ya rangi ya chungwa, yamefugwa yawe na sura na ukuta wa kuchongeka, nyama yake ina maji na nyuzi nyuzi, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Ukilila hufi, lakini hutofurahi. Mlioenda Circleville hapo kusini kwetu, ile sherehe ya maboga ya Oktoba iliyoanza 1903, mmeyaona yale yanayozidi kilo 500 yanabebwa na mashine, yale ni ya kupigia picha. Mnalotaka nyie ni dogo, kilo moja mpaka mbili hivi, wanaliandika pai kwenye kibandiko, au chukueni lile la shingo ndefu la rangi ya mchanga, batanati, ndugu wa boga huyo na kwa kula bichi mimi namuona ndiye mtamu kuwashinda wote, nyama yake imekaza, haina nyuzi, ukilitafuna linakuja katikati ya karoti na tikiti. Lile la Kijapani la kijani, kabocha, nalo zuri ila gumu, linataka kisu kizuri na mkono wa mtu mzima.

Na wale mnaotumia fudi stemp, ule msaada wa chakula wa serikali, nisikilizeni hapa, maboga ya kuliwa yanakubalika kabisa kwenye kadi, yanayokataliwa ni yale ya pambo tu yasiyolika. Kuna dada aliniambia miaka mitatu alikuwa analipa keshi kwa sababu mtu alimwambia boga ni pambo.

Ile ya kopo msininunulie kwa kazi hii. Si mbaya, ila imeshapikwa, hiyo tunatumia siku nyingine.

Sasa la muhimu kuliko yote, nawaomba mlishike hata kama mengine mtasahau. Kabla hujafanya chochote, osha boga kwa maji na brashi, lote, kwa sababu kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani na sisi hatupiki kwa hiyo hakuna moto wa kuua kitu. Ukishalikata, kata kipande kidogo kama ukucha, weka ulimini. Kama ni chungu, tema, na boga lote litupe. Usiseme ntaongeza asali. Uchungu ule ni sumu ya familia ya maboga na matango, inaitwa kukabitasini, inaleta tumbo la kuharisha na kutapika vibaya sana, na hata kupika hakuiondoi. Maboga ya dukani mara nyingi hayana shida, shida inakuja kwa lililojiotea lenyewe bustanini kutoka kwenye mbegu za mwaka jana, huenda lilichanganyika na ya pambo, na vile viboga vidogo vidogo vya rangi rangi vyenye vinundu vya mezani, vile si chakula. Na boga lililokwisha kuchongwa likakaa nje siku tano na mshumaa ndani, hilo nalo basi, limekwisha.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni, bichi si ndio lina vitamini zaidi? Mama yangu, ntakujibu ukweli wote. Boga ni maji kama asilimia 92, gramu 100 za bichi ni kalori 26 tu, lina potasiamu, lina vitamini C ambayo moto unaipunguza, hapo bichi linashinda. Lakini ile rangi ya chungwa, karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A ya macho na ngozi, imefungiwa ndani ya kuta za mmea, na kupika kunazivunja hizo kuta ikatoka kwa wingi. Kwa hiyo futari ya bibi ilikuwa na akili, imepikwa, tena na tui, maana karotini inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Basi na sisi kwenye bichi tunafanya mawili, tunakwaruza laini sana au kusaga kabisa ili zile kuta zipasuke, na hatuweki boga bila mafuta, lazima kuwe na nazi au mbegu. Mtu akikwambia kibichi ni dawa ya kila kitu usimsikilize. Mimi nyumbani napika boga Jumapili na nala bichi katikati ya wiki.

Haya, vipimo. Ya kwanza ni vipira. Kikombe nnachosema ni kile cha kupimia cha hapa, mililita 240.

Menya boga, toa utumbo na mbegu, mbegu weka pembeni usitupe. Kwaruza kwa upande mdogo wa greta mpaka upate vikombe viwili. Nyunyiza chumvi kidogo sana, acha dakika kumi, halafu weka kwenye kitambaa cheupe kile cha kuchujia tui, kamua. Kamua kama unakamua chicha ya nazi, kwa nguvu, maana hapa ndipo wengi wanaharibu, wakiacha maji vile vipira havishikani vinakuwa uji. Utabaki na kama kikombe kimoja. Yale maji yanywe, tia ndimu na tangawizi, matamu.

Sasa chukua kikombe kimoja cha mbegu za maboga, zile za kijani za dukani zisizokaangwa, saga kwenye blenda mpaka ziwe kama unga wenye chenga, zimwage bakulini. Halafu tende kumi na mbili kubwa, Medjool, au kama una za Oman zile ndogo basi pima kikombe kimoja na nusu, toa kokwa, zikiwa ngumu loweka robo saa maji ya uvuguvugu kisha zichuje, saga mpaka ziwe donge. Changanya donge na ule unga wa mbegu, na boga, na nusu kikombe cha nazi kavu isiyo na sukari, kijiko cha chai kimoja cha mdalasini, nusu kijiko iliki uliyoitwanga mwenyewe, kungumanga ukwaruze kidogo tu, karafuu ncha ya kisu. Iliki ya kutwanga mwenyewe jamani msiache, ile ya unga ya kwenye kichupa imeshakufa. Tia mkono, kanda. Ikiwa inanata sana ongeza nazi, ikiwa inavunjika ongeza tende moja. Viringisha vipira kama vya kaimati, vigaragaze kwenye nazi, weka friji saa moja vikaze. Utapata kama ishirini na nne.

Nimepiga hesabu kwa ajili ya wenzangu wenye sukari. Tende kubwa moja ina sukari kama gramu 16, kumi na mbili ni kama 190, gawa kwa ishirini na nne, kila kipira kimebeba kama gramu 8. Iko pamoja na nyuzi za tende na protini na mafuta ya mbegu, kwa hiyo haipandi mbio kama pipi, lakini ni sukari, haikugeuka kuwa maji kwa sababu imetoka kwenye tende. Mimi nala viwili, na chai isiyo na sukari, na napima. Mwenye dawa za kisukari aongee na daktari wake. Kipimo changu cha mwaka huu kimeshuka 5.8, na sidai ni boga peke yake, nilianza na kutembea pia, lakini ile njaa ya kitu kitamu saa nne usiku, hiyo boga ndilo lililoniondolea.

Ya pili ni kashata isiyopikwa, na hii watoto wangu wanaipenda kuliko vipira. Mchanganyiko ni ule ule, ila unaongeza vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya nazi na robo kikombe cha ufuta, unaushindilia kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, unaingiza freza saa mbili, unakata kwa mshazari kama kashata yetu. Mafuta ya nazi ndiyo yanafanya kazi ya sukari iliyochemka. Mnakumbuka nyumbani mafuta ya nazi ni maji tu kwenye chupa mwaka mzima? Yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndio maana huku Oktoba unafungua kabati unakuta jiwe. Ile baridi inayotuudhi hapa inakusaidia, kashata inasimama yenyewe. Vuli ya kwetu ni mvua na jembe, vuli ya hapa ni majani kupukutika na mafuta kuganda, tumia ulichopewa.

Ya tatu napita haraka, batanati bichi kikombe kimoja vipande vidogo, ndizi moja iliyoiva mpaka madoa, nusu kikombe cha tui zito, tende mbili, mdalasini, saga mpaka iwe laini kabisa, weka kwenye vikombe friji. Mzee asiye na meno anaila hii bila taabu. Ambaye hajazoea vibichi aanze na vijiko vichache, tumbo linahitaji kujua kwanza.

Kuna wanaokausha kwenye mashine ya kukaushia, wafuasi wa chakula kibichi wanaweka kikomo kama nyuzi 46 mpaka 48 za Selsiasi kwa masaa mengi. Mimi rojo la boga sikaushi hivyo, nawaambia wazi. Boga halina asidi ya kulilinda, na vijidudu vinazaana vizuri kati ya nyuzi 4 na 60, sasa ukiliweka lowevu humo kwa masaa unavilea. Freza inanitosha. Vipira friji siku tatu, freza miezi miwili. Na rojo la boga msilifungie kwenye chupa mkaweka kabatini, wala lililopikwa, huko ndiko inakozaliwa sumu ya botulizimu.

Turudi kwenye zile mbegu tulizoweka pembeni. Za ndani ya boga lako zina ganda jeupe, zile za kijani za dukani zinatoka kwenye aina za maboga ambazo mbegu zake hazina ganda gumu, au zimebanguliwa kwa mashine. Zako zioshe utelezi wote utoke, anika kwenye ungo karibu na dirisha siku mbili tatu uzigeuze geuze, kisha bangua na watoto. Najua kazi. Lakini gramu 100 za mbegu za maboga zina protini kama gramu 30, zina magnesiamu, zinki, na chuma, na mkikaa mezani mnabangua simu zinawekwa chini. Mwanangu hapo ndipo ananiambia mambo ya shule ambayo nikimuuliza kwenye gari hasemi.

Na shule. Shule nyingi hapa hazitaki karanga wala korosho darasani kwa sababu kuna watoto wakila hata kidogo wanaumwa vibaya, kwa hiyo mbegu za maboga zinatuokoa, zinaleta ile ladha ya karanga bila karanga. Ila muulizeni mwalimu kwanza, na ile kashata yenye ufuta iandikeni, ufuta nao tangu 2023 sheria ya hapa imeuweka kwenye orodha ya vyakula vikuu vya aleji. Mwaka jana nilipeleka vipira vyetu, visivyo na ufuta, darasani kwa mwanangu, trei mbili, nikaogopa vitarudi. Trei zimerudi tupu, na mtoto mmoja alimuuliza mwanangu hii inaitwaje kwa lugha yenu. Akamwambia boga. Sasa darasa zima wanasema boga.

Kwa mtu wa korosho, nimeulizwa, ndiyo unaweza kuziweka badala ya nusu ya mbegu, nyumbani. Zinazoandikwa bichi dukani karibu zote zimepitishwa mvuke au moto kidogo, maana ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanalijua hilo kwenye vidole vyao. Mimi sioni shida, siko hapa kumhukumu mtu kwa korosho ya mvuke.

Tarehe 31 wanangu wataenda kuchukua pipi, siwazuii, ni watoto wa hapa. Tumekubaliana wachague kumi, zilizobaki zinaondoka, na sinia la kashata liko mezani wakirudi. Boga letu liko barazani sasa hivi, zima, hatukulichonga, wamelichora macho kwa chaki ili lipendeze na bado liliwe, Novemba mosi linaoshwa linaingia jikoni.

Haya, nimeongea sana na dakika zangu zimekwisha. Trei hii ya kulia ina ufuta nimeiandika, hii ya kushoto haina. Wazee waanze. Na hili la shingo ndefu nimeshaliosha, ulimi wangu umeshalionja si chungu, greta mbili ziko hapa na kitambaa kiko hapa, nataka watoto wanne, mikono imeoshwa kwa sabuni, waje mbele tukwaruze.